Meza 400 za shule na mageti ya wateja kwenye karakana moja: tupange uzalishaji wa aina gani?

Karakana_Mafinga

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wanaojua mambo ya uzalishaji.

Kuna oda ya meza 400 za wanafunzi, kila meza ya kukalia wawili (viti vinatengenezwa na karakana nyingine). Muda ni siku 25 za kazi. Wakati huohuo wateja wa kawaida wa mageti, madirisha na vitanda wapo na hatutaki kuwapoteza. Mchomeleaji ni mmoja, wasaidizi wawili. Muda halisi wa kazi kwa siku, ukitoa chakula na usafi, ni dakika 450.

Kila meza ni skwea paipu ya inchi moja, unene milimita 1.5: miguu 4 ya milimita 700, vipande vya pembeni 4 vya 380, vipande virefu 3 vya 1,000. Juu ni mbao 3 za paina za 1x6, urefu milimita 1,100.

Muda tuliopima kwa meza moja:
kukata paipu dakika 6
kuchomelea 22 (pamoja na kupanga vipande)
kusaga viungo kwa grainda 7
rangi 8, bila kuhesabu kukauka
kukata na kuranda mbao 10
kutoboa na kufunga 9

Wazo letu lilikuwa tukate paipu za meza zote 400 kwanza, kisha tuchomelee zote, kisha grainda, kisha rangi, mwisho mbao. Paipu tumehesabu 488 za mita 6. Sasa nimesoma kuna aina tano: uzalishaji wa mradi, wa oda moja moja, wa mafungu, wa mstari na wa mfululizo. Sisi ni wapi hapo? Na fungu liwe la meza ngapi?

---

MhandisiUyole

Mkuu, kabla ya aina tano, ule mpango wako wa zote-kwanza uondoe mezani. Kukata meza 400 ni dakika 2,400, yaani siku 5.3. Kuchomelea 400 kwa mtu mmoja ni dakika 8,800, siku 19.6. Jumla 24.9. Siku ya 25 inaisha mkiwa na fremu 400 uani, hakuna hata moja iliyosagwa wala kupakwa rangi, na chuma kitupu kwenye umande wa Mafinga kinaanza kutu usiku wa kwanza.

Sasa hizo aina. Ni sahihi, ila zinafundishwa kana kwamba kiwanda huchagua moja na kuibandika getini. Angalia mashine ya kusaga ya mtaani. Mama akileta debe lake la mahindi na kungoja unga wake mwenyewe, hiyo ni kazi ya oda: foleni, mizani, mzigo wa kila mtu peke yake, na mashine inaachwa itoe unga wa huyu kabla ya kuingiza mahindi ya yule. Jioni mashine ileile ikisaga sembe ya kujaza mifuko ya kilo 25 yenye jina la mwenye mashine, hiyo si kazi ya oda tena. Bidhaa ni moja, haisubiri mtu, na ukiizima katikati umepoteza. Chuma hakikubadilika. Kilichobadilika ni wingi na utofauti wa kazi inayopita.

Mradi tuupite haraka: bidhaa imekaa mahali, mafundi ndio wanaoifuata. Daraja, ghala, kufunga mtambo.

Oda moja moja ni mageti yako, na mafundi wa kukereza vipuri. Kila kazi ina vipimo vyake na njia yake ndani ya karakana. Faida yake ni kwamba unaweza kufanya chochote. Hasara yake ni foleni: kazi ya saa tatu inakaa siku sita kwa sababu siku tano na zaidi inangoja.

Mafungu ni mikate, mtindi, sare za shule. Unaandaa mashine kwa ajili ya aina moja, unatoa kiasi fulani, unabadilisha.

Mstari ni kama kujaza soda: vituo vimepangwa kwa mfuatano wa kazi na kila kituo kimepewa muda unaolingana na mwenzake.

Mfululizo ni saruji ya Songwe au karatasi ya Mgololo. Ndani ya tanuri la saruji malighafi hufikishwa karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi. Ukilizima, matofali ya ndani yanapoa na kupasuka, na kulipasha upya ni kazi ya taratibu ya saa nyingi. Ndiyo maana viwanda vya namna hiyo vinakwenda usiku na mchana. Si kwamba soko linadai unga wa saruji saa tisa za usiku.

Kiwanda kinachofundisha vizuri kuliko vyote huku kwetu, kwa maoni yangu, ni cha chai, Rungwe au Mufindi, maana ndani yake aina zinachanganyika. Jani bichi lina maji robo tatu ya uzito wake au zaidi. Linanyaushwa kwenye vitanda vya upepo kama saa 12 hadi 18: hayo ni mafungu, kila kitanda na jani lake. Kisha linaingia kwenye rola za kukata na kusokota, linachachuka kwa takribani saa moja hadi moja na nusu, linaingia kwenye kikaushio na kutoka na unyevu wa karibu asilimia 3. Kuanzia rola ni mtiririko. Na tazama mahali rundo linaporuhusiwa kukaa. Kati ya kitanda na rola unaweza kuwa na jani linalongoja kidogo. Kati ya kuchachuka na kikaushio huwezi, jani halingoji, likichelewa limeharibika rangi na ladha. Kwa hiyo uwezo wa kikaushio ndio unaoamuru rola ziende kasi gani.

Karakana yako ifanye hivyohivyo. Meza ziende kwa mstari mfupi, rangi iwe fungu la mara moja kwa siku, mageti yabaki oda moja moja. Hesabu yake:

Meza 400 kwa siku 25 ni 16 kwa siku. Dakika 450 gawa kwa 16 ni 28. Kila dakika 28 meza moja lazima itoke, na hakuna mtu apewe kazi inayozidi hapo kwa meza moja. Mchomeleaji ana 22. Msaidizi wa kwanza akate, asage, apake rangi: 6 na 7 na 8, jumla 21. Wa pili mbao na kufunga: 19. Wote wako chini ya 28.

Hatua inayobana ni kuchomelea. Meza 16 mara dakika 22 ni 352, zinabaki 98 kwa siku za kufanyia mageti. Umeme ukikatika saa moja na nusu tu, karibu akiba yote ya siku imekwenda.

Kuhusu aina zipi zinakufaa, Robert Hayes na Steven Wheelwright wa Marekani walichapisha jedwali lake mwaka 1979: upande mmoja wingi na utofauti wa bidhaa, upande mwingine namna ya kuzalisha, na penye faida ni kwenye ulalo, yaani mstari wa kona hadi kona ambapo wingi na utofauti wa bidhaa unalingana na namna ya kuzalisha. Ukitengeneza meza 400 zinazofanana kwa mtindo wa geti, umetoka kwenye ulalo; gharama yake ni muda wa watu. Ukinunua mashine ya mstari kwa ajili ya oda moja kama hii, umetoka upande wa pili. Gharama yake ni mashine iliyolala.

---

Mkerezaji_Sae

Nakubaliana na Mhandisi kwenye mstari. Naingilia kwenye paipu na kwenye kalibu (fremu ya kushikilia vipande mahali pake wakati wa kuchomelea).

Hiyo 488 si hesabu ya fundi, ni hesabu ya kalkuleta. Meza moja inakula mita 7.32, mara 400 ni mita 2,928, gawa kwa 6 unapata 488. Lakini diski inakula chuma. Weka milimita 3 kwa kila mkato. Paipu ya mita 6 haitoi vipande sita vya mita moja hata siku moja. Mikato mitano imekula 15, kipande cha sita kinatoka na 985. Ukikichomelea hicho, meza inakaa upande.

Panga hivi. Paipu moja: vipande 3 vya 1,000 na miguu 4 ya 700. Jumla 5,800, mikato 7 ni 21, inabaki 179 ya kutupa. Hapo una meza moja kamili isipokuwa vipande vya pembeni. Hivyo vya 380 vikate peke yake: 15 kwa paipu, yaani 5,700 na mikato 45, inabaki 255. Unahitaji 1,600, gawa kwa 15 ni paipu 107. Jumla ni 400 na 107, yaani 507. Ongeza chache za kuharibika. Uzuri wa mpango huu si kubana chuma tu: paipu moja ni meza moja. Ukihesabu paipu zilizoondoka stoo unajua meza ngapi zimekatwa bila daftari.

Msikate kwa tepu na chaki kila kipande. Fungeni kizuizi cha chuma kwenye meza ya kukatia, paipu inasukumwa mpaka igonge, unakata. Kizuizi kifungwe kwa bolti na si kwa klampu, maana klampu inasogea kidogo kidogo kwa kugongwa na hutajua mpaka kipande cha hamsini. Kipande cha kwanza baada ya kufunga kizuizi kipimwe, cha kumi kipimwe, kisha kila cha ishirini. Mabaki ya cheche na vumbi la chuma yafagiliwe mbele ya kizuizi. Milimita moja ya vumbi ni milimita moja ya upungufu.

Sasa kalibu. Meza ina viungo 14 (vipande vya pembeni 4 vina ncha 8, virefu 3 vina ncha 6). Kati ya zile dakika 22, kiasi kikubwa si moto, ni kupanga vipande na kuvinyoosha. Pimeni, nadhani mtakuta kama dakika 6. Tengenezeni kalibu mbili zinazofanana. Wakati mchomeleaji anachoma kwenye moja, msaidizi anapanga vipande kwenye ya pili. Shigeo Shingo aliyefanya kazi na Toyota ndiye aliyeieleza vizuri mantiki hii: tenga maandalizi yanayohitaji mashine isimame na yale yanayoweza kufanyika mashine ikiwa kazini, kisha hamishia mengi iwezekanavyo upande wa pili. Mchomeleaji anashuka kutoka 22 hadi 16.

Namna ya kuchoma: shikiza viungo vyote kwa nukta kwanza, toa kwenye kalibu, pima mishazari miwili ya kila upande. Ikitofautiana zaidi ya milimita 2, nyoosha sasa hivi, kabla hujafunga. Kisha choma ukiruka pembe kwa pembe, usizunguke upande mmoja mpaka uishe, joto litavuta fremu na mguu mmoja utaning'inia. Fimbo ya milimita 2.5 aina ya 6013, ampea 60 hadi 80 kwa paipu ya 1.5. Na mpime unene paipu zinapofika. Ukipewa ya 1.2 kwa jina la 1.5, ampea zilezile zinatoboa, na kuziba tundu ni dakika tatu kila moja. Kwa viungo 14 mpango wote wa dakika 28 umevunjika kwa sababu ya duka la vyuma.

---

Paina_na_Mninga

Kamwene. Wote mmezungumza chuma. Hatua itakayowachelewesha haimo hata kwenye orodha ya muda wenu: mbao kukauka.

Ubao wa paina uliotoka kupasuliwa unaweza kuwa na unyevu zaidi ya asilimia 50. Kwa samani ya ndani unataka 12 hadi 15. Ubao wa inchi moja ukianikwa vizuri kivulini unachukua wiki kadhaa kiangazi, na masika zaidi ya hapo. Siku zenu ni 25. Kwa hiyo mkinunua mbichi leo mnafunga mbichi. Ubao wenye upana wa milimita 150 ukifungwa na unyevu wa 25 ukaja kukaukia darasani, unapungua milimita 3 hadi 4. Juu ya meza kuna mbao tatu, basi panatokea mianya miwili ambayo ncha ya penseli inaingia, na nati zote zinalegea kwa kuwa ubao umepungua unene pia.

Nunueni zilizokaushwa, na msiamini neno la muuzaji. Kata kipande katikati ya ubao (si kwenye ncha, ncha hukauka mapema na kudanganya), kipime kwenye mizani ndogo ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi kama 103 mpaka uzito ukome kushuka. Mfano: kilikuwa gramu 130, kimebaki 104. Tofauti 26 gawa kwa 104, ni asilimia 25. Huo urudishwe. Pima vipande vitano kutoka sehemu tofauti za rundo, maana juu na katikati ya rundo si sawa.

Zikifika, zipangeni na vijiti vya inchi moja kati ya safu na safu, kila kijiti juu ya mwenzake kwa mstari mmoja, umbali kama sentimita 60. Vijiti visiponyooka wima, ubao unapinda.

Idadi: ubao wa futi 12 ni kama milimita 3,658. Unatoa vipande 3 vya 1,100 na kubaki. Ubao mmoja ni meza moja, kama paipu. Agizeni 430 badala ya 400, vifundo na nyufa lazima vitaharibu baadhi. Kwa mbao sishauri mstari. Randeni kwa mafungu ya siku mbili tatu, kwa sababu kurekebisha mashine ya randa kwa unene mmoja ndiko kunakokula muda, na ubao mkavu hauharibiki kwa kungoja.

---

MamaMtindi_Njombe

Samahani kwa kuingilia uzi wa watu wa chuma. Hili la hatua inayobana limenigusa. Mtindi: tanki ni moja la lita 300, tunachemshia, tunapozea na kugandishia humohumo. Fungu moja linakaa kama saa 8 pamoja na kuosha. Maziwa yanayopatikana yamefika lita 700 kwa siku. Ninunue tanki kubwa la kuchemshia?

---

MhandisiUyole

Mama, shikamoo. Usinunue kwanza. Lita 700 kwenye tanki la 300 ni mafungu 3, mara saa 8 ni saa 24 kamili, hakuna nafasi hata ya pampu kuharibika. Lakini angalia tanki linafanya nini ndani ya hizo saa 8. Kupasha hadi nyuzi 85 au 90, kushikilia hapo, kupoza hadi 43 hivi na kutia kimelea (bakteria wa kugandisha mtindi) ni kama saa mbili na nusu pamoja na kuosha. Zinazobaki ni kugandisha, na kugandisha hakuhitaji tanki lenye moto na kikorogeo. Unalifanya tanki la bei liwe kabati.

Ukishatia kimelea na kukoroga, hamishia kwenye vyombo visafi vya lita 40 au 50 vyenye mfuniko, ndani ya chumba kidogo kilichozibwa vizuri. Tanki linabaki na mafungu 3 mara saa 2.5, yaani saa 7.5. Kwa baridi ya Njombe tatizo ni joto kushuka: likipita chini ya 40 kuganda kunasuasua na fungu la saa 5 linakwenda 8 au 9, tena maji yanajitenga juu. Weka kipimajoto kwenye chombo kilicho karibu na mlango, si cha katikati. Kila chombo kiandikwe namba ya fungu na saa ya kutia kimelea, ili kimoja kikikataa ujue maziwa yapi na vyombo vipi vilihusika.

---

Zamu_ya_Tatu

Turudi kwenye meza. Hesabu ya Mhandisi ina tundu. Rangi ya mafuta inakauka usiku. Fremu ya siku ya kwanza inafungwa mbao siku ya pili. Siku ya kwanza hakuna meza iliyokamilika, kwa hiyo siku za kutoa meza ni 24, si 25. 400 gawa kwa 24 ni 16.7, basi 17 kwa siku. Dakika 450 gawa kwa 17 ni 26.5.

Sasa weka na kalibu mbili za Mkerezaji. Mchomeleaji 16. Msaidizi wa kwanza: kukata 6, kupanga vipande 6, grainda 7, jumla 19. Rangi nani apake? Ukimpa huyu anafika 27, amezidi 26.5. Ukimpa wa mbao naye ni 19 na 8, vilevile 27. Nusu dakika inaonekana ndogo, mara 17 ni kama dakika tisa za kila siku zinazodaiwa kesho. Mwiteni kibarua wa rangi jioni: 17 mara 8 ni dakika 136, saa mbili na robo. Kwa Juni na Julai rangi ianze mapema kidogo, jioni ikishapoa haishiki vizuri na asubuhi inakuwa bado inanata. Na isipakwe penye grainda. Tina ya kuyeyushia rangi na cheche havikai chumba kimoja, na vumbi la chuma likitua kwenye rangi mbichi linaota madoa ya kutu baadaye.

Mageti: 17 mara 16 ni 272, mchomeleaji anabaki na dakika 178. Geti la saa tatu haliingii kila siku, limekosa dakika mbili na bado hatujahesabu umeme. Ahidini mageti manne kwa wiki ya siku sita, mengine yaandikwe tarehe ya mbele. Geti lifanywe saa za mwisho, meza kwanza. Ukianza na geti, mteja akasimama pembeni kubadilisha ua la juu, siku imekwisha.

Ukubwa wa fungu: kurekebisha kizuizi cha kukatia tuseme ni dakika 12. Fungu la meza 4, kila meza inabeba dakika 3. Fungu la 17, inabeba chini ya dakika moja. Fungu la 100, sekunde saba. Faida kubwa umeshaipata kwenye 17. Kutoka hapo hadi 100 unaokoa sekunde na kuongeza hatari, maana kosa la kipimo utaligundua ukiwa na miguu 400 mifupi. Kateni za siku moja, ila kwa mchomeleaji zipelekwe nne nne. Asikae bila vipande, asizungukwe na rundo.

Rundo ndilo kipimo chenu. Fremu zinazongoja kati ya kuchomelea na kufungwa mbao zigawe kwa 17, jibu ni siku zinazongoja. 34 ni siku mbili, ni sawa. Mkihesabu 68 uani mko siku nne nyuma kwenye mbao, hata kama mchomeleaji anasifiwa kwa kasi. Siku hiyo aache kuchomelea meza, afanye geti, na msaidizi wake ahamie kwenye kufunga.

---

Karakana_Mafinga

Ahsanteni sana wakuu, tumebadilisha mpango. Paipu 515, mbao 430 zilizokauka, kalibu mbili. Kesho tunatoa meza moja kamili ya mfano kabla ya kukata nyingine. Moja la mwisho: bolti. Duka lina M6 (kipenyo milimita 6) za urefu wa milimita 50 kwa wingi na bei nzuri. Zinafaa? Na tundu la ubao tutoboe 6 au 6.5?

---

Paina_na_Mninga

Za 50 ziacheni kaka. Paipu 25, ubao ukisharandwa kama 20, jumla 45. Weka washa pande zote mbili, nati inabaki na milimita kama mbili tu za kushika. Chukueni za 60. Mbao 3, kila moja bolti 2, ni 6 kwa meza, jumla 2,400. Nunueni 2,500 na washa 5,000, maana kwenye ubao laini kama paina bolti bila washa pana inazama.

Tundu la paipu liwe 6.5. La ubao liwe 8, ili ubao upate pa kusogea unapopungua na kutanuka, usipasuke kwenye bolti. Msitoboe vyote pamoja kwa biti moja. Toboeni ubao kwa kibao cha mfano chenye matundu tayari, paipu nayo kabla ya rangi. Mkitoboa baada ya rangi, ukingo wa tundu unabaki chuma kitupu na kutu itaanzia hapo.

---

Mkerezaji_Sae

Na vichwa vya bolti juu vizamishwe ndani ya ubao milimita 2, daftari zisichanike. Biti ya kuzamishia iwekewe kizuizi cha kina, la sivyo kila fundi atazamisha kwa jicho lake.

---

Karakana_Mafinga

Sawa kabisa. M6 za 60, washa pana, 8 kwenye ubao na 6.5 kwenye paipu. Nitaleta vipimo vya mishazari ya ile ya mfano kesho jioni.